Bajaji, uwakala au ushonaji: wewe unaishi kwa kazi gani, na ungenishauri nishike ipi?

Mtunza_Stoo (Morogoro)

Wanajukwaa, habari za wakati huu. Mkataba wangu katika mradi wa ujenzi umekwisha na nimelipwa stahiki zangu zote, na kwa sasa sina nia ya kutafuta ajira nyingine. Baada ya kufikiri sana nimebaki na mambo matatu: kununua bajaji, kufungua uwakala wa fedha za simu, au kufungua ofisi ya ushonaji. Kabla sijatoa fedha benki, naomba kila anayeishi kwa mojawapo ya kazi hizi, au kwa kazi inayokaribiana nazo, aeleze kwa uwazi anaifanyaje, inamlipaje na inamchosha wapi. Bajaji niliyoiona inauzwa na mtu anayehama mji, naye anataka jibu kabla ya Jumamosi, kwa hiyo nitashukuru sana nikipata majibu mapema.

Dereva_Msamvu

Karibu, ndugu yangu. Mimi ni dereva wa bajaji hapa hapa Morogoro na nyumba yangu yote inakula kutokana na kazi hiyo, lakini swali lako halijibiki kwa sababu umeyaacha yale yanayoamua. Una shilingi ngapi? Bajaji hiyo ni mpya au imeshatumika, na imetumika kwa muda gani? Utaiendesha mwenyewe au utamkabidhi kijana?

Hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Anayeendesha chombo chake anarudi jioni na mapato yote baada ya kutoa mafuta, ilhali anayemkabidhi mtu anapokea hesabu ya siku tu, yaani kiasi walichopatana, na katika hesabu hiyo hiyo ndimo anamotakiwa kununua matairi, kulipia bima na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na kufungua injini siku itakapodai kufunguliwa. Mimi niko kwenye mkataba. Kila jioni napeleka kiasi tulichoandikiana, matengenezo madogo yako juu yangu, na muda ukitimia chombo kinakuwa mali yangu. Mkataba una faida kwa mwenye mali ambayo ni nadra kutajwa: dereva anayejua kwamba bajaji itakuja kuwa yake habaki na oili iliyokwisha nguvu, wala haivurumishi kwenye mashimo kwa kuwahi abiria. Hasara yake ni kwamba mwishoni chombo kinaondoka, na kama fedha ya kila jioni uliitumia kununulia mboga, hutakuwa na chombo wala mtaji.

Wakala_Mazimbu

Mimi ni mama wa watoto watatu na kazi yangu ni uwakala, karibu na hosteli za wanafunzi. Naungana na Dereva kwamba hujatueleza mtaji wako, na wakala hawezi kushauriwa bila kutaja mtaji.

Kazi hii watu huiona nyepesi kwa sababu mtu amekaa kitini na simu zake mezani. Ugumu wake uko katika kugawa fedha moja mara mbili, yaani floti (salio la uwakala) ndani ya laini na taslimu ndani ya droo, kwa kuwa mara zote kimoja huisha wakati kingine kimejaa. Mahali nilipo, wazazi hutuma kutoka mikoani na watoto hutoa, kwa hiyo laini yangu hujaa na droo hukauka. Siku bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, linapotoka foleni hufika barabarani, na kufikia saa nne asubuhi huwa sina noti hata moja, nikabaki nikiwaelekeza wateja kwa jirani. Kwenye soko la mazao mambo hugeuka, kwani wafanyabiashara huja na mafurushi ya noti wakitaka kuyaweka kwenye simu, na anayekwama hapo ni yule asiye na floti.

Kamisheni inatokana zaidi na wingi wa watu kuliko ukubwa wa kiasi. Miamala mingi midogo hunilipa kuliko muamala mmoja mkubwa wenye jumla ile ile, ndiyo maana eneo ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Jambo la pili ni kwamba kipato chako kinategemea maamuzi usiyoshiriki kuyafanya. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, watu walirudi kubeba fedha mfukoni, na sisi mawakala tuliliona hilo wiki ile ile, hadi viwango vilipoanza kupunguzwa. Jambo la tatu ni matapeli. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" umewaumiza wateja wangu mbele ya macho yangu, na siku hizi mtu mzima akija kutuma kiasi kikubwa kwa namba isiyo na jina analolijua, namwomba kwanza ampigie mhusika asikie sauti yake. Wapo wanaochukizwa na swali hilo, lakini siachi kuliuliza.

Mfugaji_Kibaha

Nashangaa kwamba kuku hawamo kwenye orodha yako. Mimi naishi kwa kuku wa mayai na sijutii, ingawa nitakueleza ukweli wote bila kupamba.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na kabla ya hapo atakuwa amekula takriban kilo 7 za chakula bila kukurudishia hata yai moja. Kwa kuku 200 hiyo ni karibu mifuko 28 ya kilo 50, nawe unainunua yote kwa fedha ya mfukoni. Akishaanza kutaga, kila mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, yaani mfuko mmoja wa kilo 50 kwa kuku hao 200 hauvuki sana siku mbili. Anayeweka fedha zote kwenye banda na vifaranga, akategemea chakula kitajilipa chenyewe, huishia kuwauza kuku wiki chache kabla ya kutaga. Chanjo za kideri, gumboro na ndui hazina mjadala, kwa kuwa kideri hakina dawa. Kikishaingia bandani unazika. Ukivumilia miezi hiyo mitano ya mwanzo, mayai yana wateja mwaka mzima na hayakuhitaji ukae barabarani.

Dereva_Msamvu

Kaka Mfugaji, mwenzetu ametaja kazi tatu na bajaji ina mwisho wa Jumamosi. Kuku tungewafungulia uzi wao.

Babu_Cherehani (Tanga)

Nimeshona tangu ujana wangu, na wanangu wamesoma kwa fedha ya sindano. Kwa hiyo, mwanangu, pokea maneno yangu kama ya mtu anayeipenda kazi yake.

Ushonaji ndiyo kazi pekee kati ya hizo tatu ambayo mtaji wake mkubwa unakaa mikononi mwa mtu. Bajaji ikiibiwa umekwisha, na wakala akivamiwa usiku amekwisha, lakini fundi akiibiwa cherehani ataazima ya mwenzake kesho yake asubuhi na wateja watamfuata. Lakini uelewe kwamba kazi hii ina misimu. Desemba na mwanzoni mwa Januari hatulali kwa sababu ya mashati meupe na sketi na kaptula za bluu za shule za msingi, na wiki mbili kabla ya Idi kila mtu anataka kanzu au gauni lake jana. Baada ya hapo inakuja miezi ya kuweka viraka na kubadilisha zipu, na fundi ambaye hakuweka akiba ya Desemba huiona Machi kuwa ndefu mno.

Swali langu kwako ni moja. Je, unajua kushona? Maana hujasema. Mtu asiyejua kukata kitambaa akifungua ofisi na kuajiri mafundi, siku mafundi wakiondoka hubaki na cherehani zisizo na kazi.

Mtunza_Stoo

Shikamoo mzee Babu_Cherehani, na asanteni nyote. Naomba radhi kwa kuandika kwa kifupi mno. Mtaji wangu ni shilingi milioni 9. Bajaji imeshatumika, na mwenye nayo anasema injini haijafunguliwa. Nina leseni ya gari dogo lakini sina daraja la bajaji, kwa hiyo kwa kuanzia ningempa kijana. Nimeona fremu (chumba cha biashara) Kihonda, karibu na kituo cha daladala. Mimi mwenyewe sijui kushona. Mke wangu ndiye aliyesoma ushonaji chuo cha ufundi cha VETA, naye huwashonea majirani nyumbani kwa cherehani ya miguu aina ya Butterfly.

Babu_Cherehani (Tanga)

Marahaba, mwanangu. Jambo hilo la mke wako ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza kabisa.

Mwalimu_Dodoma

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini uliposema kwamba bajaji utampa kijana nimeona ni haki nikueleze yaliyonifika, kwa sababu utaratibu wote niliufuata na bado mambo yalikwenda vile yalivyokwenda.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na bajaji niliinunua iwe kazi ya pili. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye familia, leseni na mdhamini, na tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kwa muda mrefu hesabu ilikuja bila kusukumana. Jioni moja pikipiki ilitoka barabara ya pembeni ikaingia ubavuni mwa bajaji, na abiria wa pikipiki akavunjika mguu. Hakuna aliyefariki, na kwa hilo namshukuru Mungu. Vyombo vyote viwili vilichukuliwa kuwa vielelezo, na kwa kuwa pande mbili hazikukubaliana nani alikuwa na kosa, shauri likavuta. Dereva wangu alisubiri alivyoweza, kisha akapata chombo kingine kwa mtu mwingine, wala sikumlaumu kwa sababu watoto wake hawakuweza kusubiri pamoja na shauri.

Nilikuwa napita kuiangalia. Ilikuwa imeegeshwa chini ya mwarobaini, tairi la mbele limelala, turubai la paa limepasuka kwa jua kuanzia kwenye mishono, na kile kiti cha abiria nilichokifunika upya kwa rekseni nyekundu kilikuwa kimegeuka mahali pa kuku kulala. Mara ya mwisho nilikuta betri haipo. Ilipoachiwa hatimaye, bima ilishughulika na yule aliyeumia, kwa sababu niliyokata ilikuwa ya mtu wa tatu, na hiyo inamlinda uliyemgonga, haitengenezi mali yako. Fundi alipofungua injini iliyokaa bila kuwashwa alinitajia gharama ambayo ilinifanya niiuze kama ilivyo. Kipindi chote hicho hapakuwa na hesabu hata ya siku moja, na mkopo nilioongezea kuinunua uliendelea kukatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Sisemi kwamba bajaji ni mbaya. Nasema kwamba kipato chake kinakaa juu ya chombo kimoja, na chombo hicho kikisimama, kwa sababu yoyote ile, hakuna sehemu yake inayoendelea kukulipa.

Dereva_Msamvu

Pole sana, Mwalimu. Hata hivyo naona kuna jambo linahitaji kuwekwa sawa. Ungekuwa na bima kubwa, bajaji ingetengenezwa. Na ungekuwa unaiendesha mwenyewe, ungekuwa kituoni kila asubuhi kufuatilia. Ajali ni ya barabara, haichagui mwenye kuajiriwa wala mwenye mali, na mafundi cherehani nao vibanda vyao huungua moto.

Mwalimu_Dodoma

Nilipouliza bei ya bima kubwa kwa chombo cha biashara nilitajiwa kiasi ambacho hesabu ya siku isingekibeba nikabaki na faida ya maana. Labda kwa anayeendesha mwenyewe inawezekana. Na hapo ndipo ninapokubaliana nawe kabisa: bajaji ni kazi nzuri ya dereva. Ni kazi ngumu ya mtu aliye mbali nayo.

Dereva_Msamvu

Na sisi madereva tungekuwa wapi kama watu walio mbali wasingenunua? Karibu kila mwenzangu kijiweni alianzia kwenye bajaji ya mtu. Mwalimu, bajaji yako ililisha nyumba mbili kabla ya ile ajali, na hilo nalo lihesabiwe.

Binti_Kongowea (Mombasa)

Hamjambo nyote. Mimi nauza mitumba katika soko la Kongowea, na ingawa si kazi iliyoulizwa, inagusana na ushonaji kila siku, kwa hiyo nitasema ninachokiona.

Tunanunua bale la kilo 45 bila kujua kwa hakika lililomo. Likifunguliwa alfajiri, wateja wenye maduka huchukua kamera, yaani zile nguo za kwanza zisizo na doa wala mshono uliolegea, na mara nyingi hizo ndizo hurudisha mtaji. Zinazobaki ndizo faida, na nyingi kati yake hazimkai mtu. Hapo ndipo fundi aliye ubavuni mwangu anapopata riziki. Mteja huchagua suruali, hupimwa kiuno palepale, hukatiwa pindo, hulipa na kuondoka. Fundi huyo hanunui kitambaa, hadaiwi nguo ya harusi, wala hana mteja anayemzungusha na salio. Mzee Babu_Cherehani amesema miezi ya zipu na viraka ni miezi mikavu, nami kwa heshima namwambia kwamba sokoni kwetu kazi hiyo ndogo ndiyo inayolipa kodi ya kibanda mwaka mzima. Mke wa Mtunza_Stoo aulize kama karibu na fremu hiyo kuna wauza mitumba.

Na je, ameulizwa yeye mwenyewe? Naona tunapanga maisha ya mtu ambaye hayupo kwenye mazungumzo.

Wakala_Mazimbu

Hilo la mwisho limenigusa. Mume wangu ndiye aliyeniambia uwakala ni mzuri, lakini mimi ndiye ninayefungua saa moja asubuhi.

Mtunza_Stoo

Nimemwonyesha uzi wote na tumekaa tukauzungumza. Anasema kazi anaitaka, ila hataki kuanza na sare za shule kwa sababu shule nyingi zina mafundi wao wa miaka yote. Anataka nguo za kike za vitenge na kazi za kurekebisha kama alivyoeleza dada wa Mombasa. Zaidi ya hayo ameniambia jambo ambalo sikuwa nimelitilia maanani: cherehani ya kushonea anayo, anachokosa ni ovaloki. Kila gauni analomaliza analipeleka kwa fundi mwingine mjini lifungwe nyuzi za ndani, analipia, anasubiri zamu yake, na jioni yote inaishia hapo. Amesema akipata ovaloki na cherehani moja ya umeme, kasi yake itakuwa nyingine.

Sasa naona ofisi ya ushonaji haitamaliza milioni 9. Je, ni busara kuweka uwakala ndani ya fremu ile ile nikakaa nao mimi?

Wakala_Mazimbu

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo, mradi fedha za pande mbili zisichanganyike. Floti ikishaanza kununua nyuzi, utakuwa wakala wa jina tu. Weka daftari mbili na ufunge hesabu tofauti kila jioni. Utahitaji TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara kabla ya kupewa laini ya uwakala, kwa hiyo anza na hizo. Fikiria pia usalama, kwa kuwa chumba cha fundi huingia watu wengi kupima nguo na droo yako itakuwa pale pale.

Fundi_Kariakoo

Kwa kuwa mmefika kwenye mashine, naomba nichangie, maana naishi kwa kushona na kutengeneza cherehani. Dada asikimbilie cherehani kubwa ya kiwandani kwa sababu tu ina kasi. Mashine za sindano moja kama Juki DDL-8700 zimeundwa kufikia mishono 5,500 kwa dakika, lakini fundi wa nguo moja moja, anayesimama kila mara kugeuza kona na kupachika zipu, haigusi hata nusu ya kasi hiyo. Kinachomsaidia ni mshono ulionyooka na mashine isiyokata uzi kwenye kitenge kilichopigwa tabaka mbili.

Aangalie zaidi mota. Mota ya klachi huzunguka na kula umeme muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata kama amesimama kumpima mteja, ilhali mota ya servo huzunguka pale tu anapokanyaga.

Babu_Cherehani (Tanga)

Mimi bado naitetea ya miguu. Umeme ukikatika siku tatu kabla ya Idi, mwenye mota atakuja kuniomba kiti. Butterfly yake asiiuze kamwe, hata akinunua za umeme kumi.

Fundi_Kariakoo

Hapo mzee wangu sikupingi, abaki nayo. Lakini ajue kwamba sindano haziingiliani: ya nyumbani ina ubapa upande mmoja wa shina, na ya kiwandani aina ya DB×1 ina shina la mviringo, kwa hiyo awe na akiba ya aina zote mbili. Akinunua iliyotumika, azungushe gurudumu kwa mkono kwanza asikie kama kuna mahali inakwama, kisha ashone kitambaa chepesi na baada yake tabaka nne za kaki bila kurekebisha chochote, na ageuze kitambaa aangalie mshono wa chini. Juu mashine nyingi hupendeza. Kasoro huonekana chini.

Mfugaji_Kibaha

Na fedha itakayobaki, kama nyumbani kuna uwanja, kuku wachache wa kienyeji na chanjo ya kideri ya I-2 ya matone ya jicho kila baada ya miezi mitatu.

Mwalimu_Dodoma

Mke wako aulizie pia mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni ya vikundi vya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Inahitaji kikundi, na kikundi kinachukua muda kuundwa, kwa hiyo isiwe ndiyo tegemeo la kuanzia.

Mtunza_Stoo

Nashukuru sana. Mwenye fremu anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, nami namwomba apokee ya miezi sita. Mwenye bajaji amenipigia tena leo na amepunguza bei, jambo ambalo limenirudisha nyuma kidogo katika mawazo yangu.

Dereva_Msamvu

Kabla ya kufurahia punguzo hilo nenda na fundi unayemwamini wewe, si wa kwake, muiwashe asubuhi ikiwa ya baridi na muangalie moshi. Ukiwa wa bluu, injini inakula oili na ringi zimechoka. Ukitaka, niambie siku, nitakuja tuiangalie pamoja.

Fundi_Kariakoo

Nami nina swali kabla hamjalipa fremu. Mita ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni ya chumba hicho peke yake, au inachangiwa na vyumba vya jirani, na hao jirani wanafanya kazi gani? Kama kuna saluni yenye madraya au mchomeleaji kwenye mita hiyo hiyo, mtagombana kila wiki juu ya nani alikula uniti ngapi, na umeme utakuwa unashuka wakati wa kazi. Nijibu hilo kwanza, ndipo nitakapokuambia ovaloki ya nyuzi ngapi na mota ya wati ngapi inafaa.